Nani Mwenye Missa Luba?

Katika maseminari yetu Missa Luba inajulikana sana. Kila mara tunapojifunza juu ya muziki wa Kiafrika katika ibada, mfano huo haukosi kutajwa, na wanafunzi hugawanyika pande mbili. Wengine wanauliza kama yafaa mbele ya altare. Wengine wanauliza kama kweli ni ya Kiafrika. Maswali hayo mawili yamekwisha kujibiwa mara nyingi. Leo nataka kuuliza swali la tatu, ambalo silisikii sana katika mabishano yetu: nani mwenye Missa Luba? Yaani, wimbo huu ulipogeuka mali, ukauzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani, ukatiwa ndani ya sinema, ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenyewe, na kwa sababu gani?

Msomaji asidhani kwamba hilo ni swali la wafanyabiashara tu. Mimi naliona kuwa ni swali la kusikiliza vema. Mtu asiyejua nani alifanya nini katika wimbo, hajausikia wimbo huo bado.

I. Kazi yenyewe

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1953, akapewa kazi ya shule huko Kamina. Mwaka 1954 alikusanya kundi la waimbaji: watoto wa kiume 45 hivi, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15 hivi. Kundi likapewa jina la mfalme wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Katika Machi 1958 Misa hii iliimbwa Kamina, na mwaka ule ule kundi lilisafiri Ulaya, likaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na pia katika Maonyesho makubwa ya Dunia ya Brussels. Kompani ya Philips ikanasa sauti zao, ikatoa diski. Upande mmoja uliwekwa Misa kwa Kilatini. Upande wa pili nyimbo za nchi: za arusi, za kazi, za kumaliza kilio, na ule wa askari, Banaha, ambao mpaka leo unaimbwa na korali nyingi za shule za Ulaya na Marekani, pengine bila kujua Kamina iko wapi.

Sasa tusikilize. Kyrie imefuata namna ya kasala, wimbo wa kilio wa Waluba. Mwimbaji mmoja anapaza sauti, wengine wanamwitikia chini yake, kama watu waliokaa kilioni usiku wakiwa wamechoka lakini hawataki kulala. Sanctus imefuata wimbo wa kuagana. Inaanza pole, haina haraka; watoto wanashika sauti kama watu walioshikana mikono, na mwimbaji wa peke yake anapita juu yao bila kushindana nao. Kisha Hosanna inaamka kwa mwendo wa ngoma ya Kasai, na yule aliyekuwa anaaga anaanza kucheza. Kwa hukumu yangu, Sanctus ndiyo kilele cha kazi yote. Hapo maneno ya Kilatini ni machache, kwa hiyo wimbo wa nchi unapata nafasi ya kupumua. Penye maneno mengi nafasi hiyo inapungua, kwa sababu tuni za Kiluba zilizaliwa pamoja na lugha ya Kiluba, ambayo yenyewe ina kupanda na kushuka kwa sauti. Kilatini hakina jambo hilo. Ni kama mtu aliyevaa kanzu ya ndugu yake: ni nzuri, lakini mabega hayakai mahali pake.

Kwa hiyo wale wanaosifu Missa Luba kwamba ni muziki wa Kongo mtupu, hawakusikiliza vizuri. Na wale wanaosema ni kazi ya Mzungu iliyopakwa rangi, hawakusikiliza hata kidogo. Ni kazi ya watu wengi waliokutana mahali pamoja kwa miaka michache. Hapo ndipo swali letu linapoanza kuuma.

II. Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Jambo kubwa ambalo wengi hawalifahamu ni hili: waimbaji wa Kamina walipoimba Misa yao, hawakuwa na noti mbele yao. Walikuwa na njia iliyojulikana na wote: tuni ya kuanzia, mahali pa kuitikia, mahali pa kupumzika. Ndani ya njia hiyo kila mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwimbaji wa peke yake, Joachim Ngoi, hakurudia kila siku sauti zile zile. Alizitafuta na kuzipata akiwa anaimba. Basi kile tunachokisikia katika diski ni kuimba kwa siku moja. Siku nyingine kungekuwa tofauti.

Karatasi ilikuja baadaye. Watu walikaa mbele ya gramafoni, wakaisikiliza diski, wakaandika noti moja moja. Katika miaka ya 1960 noti hizo zilichapwa na kuuzwa Marekani, ili korali za huko ziweze kuimba. Tangu hapo, mtu wa Chicago au wa London anapojifunza sehemu ya mwimbaji wa peke yake, anasoma katika kitabu kile ambacho mtu wa Kamina alikipata kinywani mwake siku ile. Kwa kawaida karatasi huzaa wimbo. Hapa wimbo ulizaa karatasi.

Na biashara ya muziki inaanzia wapi kuhesabu? Inaanzia kwenye karatasi. Sheria ya haki za mtungaji, jinsi ilivyojengwa Ulaya katika karne ya 19, inamtafuta mtu mmoja aliyekaa na kalamu. Asipopatikana mtungaji kwa sababu wimbo ni wa wazee, basi inamtafuta aliyeupanga na kuuandika. Wimbo wa wazee unaitwa wa desturi, maana yake kila mtu aweza kuuokota. Lakini mpango wake ulioandikwa unaitwa kazi, na una mwenyewe. Waliouleta wimbo kutoka kijijini, na walioubadili kwa vinywa vyao mbele ya kinasa sauti, hawana mahali katika hesabu hiyo.

Tukitumia maneno tuliyofundishwa katika filosofia: causa efficiens ya Missa Luba ni wengi. Padri Haazen alikusanya, alichagua, aliunganisha Kilatini na tuni za nchi, aliongoza. Bila yeye kazi hii isingekuwako, na sitaki mtu asome maneno yangu kama shitaka juu ya marehemu, aliyefariki mwaka 2004. Lakini bila vinywa vya walimu na watoto, kazi hii isingekuwako vilevile. Sheria ilikuwa na sanduku moja tu la kutilia jina, na watu walikuwa sitini.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Kasala ni nini? Waluba wa Kasai wanajua, na wengine tumejifunza kwa vitabu, kama kile cha Clémentine Faïk-Nzuji kilichochapwa hapa Lubumbashi mwaka 1974. Kasala ni wimbo wa kutaja watu. Mwimbaji anaita majina: ya marehemu, ya baba zake, ya ukoo wake, ya matendo yao na mahali walipotoka. Mtu anayetajwa katika kasala anasimama wima, hata kama amekufa. Nguvu yote ya wimbo huo imo katika majina. Basi katika Missa Luba tuni ya kasala ilibaki, lakini majina yalitoka, kwa sababu maneno ya Kyrie yanamtaja Bwana peke yake. Na hilo ni haki kabisa katika Misa. Lakini diski ilipotoka sokoni, majina yalikosekana tena, mara hii bila sababu ya ibada. Mnunuzi alikuta jina la mfalme ambaye hakuimba, jina la padri, na jina la Joachim Ngoi. Wengine wote waliitwa jina moja tu: Troubadours.

III. Njia tatu za franga

Ili tusibaki katika masikitiko, tueleze jinsi biashara hii inavyotembea. Wimbo mmoja hufungua njia tatu za franga.

Njia ya kwanza ni kuuza sauti yenyewe: zamani kwa diski, baadaye kwa kaseti na CD, leo kwa simu. Franga hizo huingia kwanza kwa kompani yenye ile sauti iliyonaswa. Njia ya pili ni haki ya mtungaji au mpangaji: kila mara wimbo unapochapwa, unapoimbwa mbele ya watu waliolipa, unapopigwa katika redio, sehemu fulani yapaswa kumfikia yule ambaye jina lake limeandikwa, pamoja na mchapishaji wake. Njia ya tatu ni ile ya sinema na matangazo ya bidhaa: mtengenezaji wa filimu anaomba ruhusa ya kutumia wimbo, na analipa mara mbili, kwa mwenye sauti na kwa mwenye maandishi.

Mwimbaji yuko wapi katika njia hizo tatu? Katika mwaka 1958 hakuwa popote. Sheria ya Ubelgiji iliyotumika wakati ule ilikuwa ile ya mwaka 1886, iliyowekwa kabla dunia haijazoea mashine za kunasa sauti. Mwimbaji alikuwa na kile tu alichopatana nacho katika mkataba. Mapatano ya Roma ya tarehe 26 Oktoba 1961 ndiyo yaliyotamka kati ya mataifa mbalimbali kwamba waimbaji na wapiga vyombo wana haki zao, zinazoitwa haki za jirani, kwa sababu zimekaa karibu na haki ya mtungaji. Ubelgiji yenyewe iliziingiza katika sheria yake mwaka 1994. Nchi yetu iliziweka kwa Amri-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986. Msomaji ahesabu mwenyewe: kutoka siku ya kuimba mpaka siku ya sheria ya Ubelgiji ni miaka 36. Mtoto wa miaka 10 alikuwa mtu wa miaka 46.

Katika muda huo wimbo haukulala. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini alitumia Gloria katika sinema yake juu ya Injili ya Mtakatifu Mateo, ile aliyoitolea kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Hapo Gloria ya Kamina inasikika karibu na muziki wa Bach na sauti ya Odetta, mwimbaji mweusi wa Marekani. Naisifu kazi hiyo. Pasolini alielewa kwamba watoto wa Kamina walikuwa wakimsifu Mungu kweli, akawaweka pamoja na Bach bila kuwachekesha watu.

Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitumia Sanctus katika sinema inayoitwa if...., ambayo mwaka 1969 ilipata tuzo kubwa ya Cannes. Ni habari ya wanafunzi wa shule ya bweni ya Uingereza wanaochukia sheria za shule, na mwishoni wanachukua bunduki. Mmoja wao anapiga diski ya Sanctus chumbani mwake, anairudisha sindano, anaipiga tena. Kwa sababu ya filimu hiyo, Sanctus iliingia mwaka 1969 katika orodha ya diski zilizouzwa sana Uingereza. Hukumu yangu hapa ni ya pande mbili. Anderson alisikia kitu cha kweli: katika Sanctus ile kuna uhuru, na mtoto aliyefungwa hujua sauti ya uhuru hata asipojua maneno. Lakini alichukua uhuru akaacha utakatifu. Wimbo wa watoto wa shule waliojifunza kuimba pamoja ukawa alama ya watoto wa shule wasiotaka kitu cha pamoja. Pengine walimu wa Kamina wangekubali, pengine wangekataa. Sheria haikudai waulizwe. Hilo ndilo jambo langu: mwimbaji alikosa franga, lakini zaidi ya franga alikosa nafasi ya kusema ndiyo au hapana.

Na kompani? Philips iliunganisha kazi yake ya diski na ya Wajerumani, ikaitwa PolyGram mwaka 1972. Mwaka 1998 PolyGram iliuzwa kwa Seagram, kompani ya Kanada iliyojulikana kwa pombe kali, kwa bei ya zaidi ya dolari bilioni 10. Kutoka hapo ikaingia katika Universal Music Group, ambayo tangu mwaka 2021 hisa zake zinauzwa katika soko la Amsterdam. Katika mauzo ya namna hiyo hakuna mtu anayeuliza bei ya wimbo mmoja. Kompani kubwa hukusanya nyimbo kwa maelfu na maelfu. Nyingi hazileti kitu, chache zinalipa gharama za zote, na zile za zamani zinapendwa kwa sababu hazidai gharama tena. Kila moja inalala ghalani ikingojea sinema au tangazo litakaloiamsha. Sanctus ya Kamina ilihama namna hiyo kutoka ghala mpaka ghala, kama mfuko mmoja wa unga katika behewa.

IV. Jirani wa kusini

Mtu ataniambia: jambo hili ni la misioni na la wakati wa ukoloni, limekwisha. Basi tutazame kusini, njia ile ya reli inayotoka Lubumbashi, ikipita hapa Mokambo na Sakania kwenda Zambia na zaidi. Katanga na Johannesburg zimefungamana kwa muziki tangu zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita katika nchi yetu na mashine yake, akamnasa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Na diski za Mwenda zilitolewa na nyumba ya Gallo ya Johannesburg kwa alama ya Gallotone.

Nyumba hiyo hiyo ya Gallo ilikuwa imemnasa Solomon Linda mwaka 1939. Linda alikuwa mfanyakazi, Mzulu, naye aliongoza kundi lake katika wimbo uitwao Mbube, yaani Simba. Waliuimba mara tatu mbele ya kinasa sauti. Katika mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alipandisha sauti akatoa tuni fupi ambayo hakuwa ameitayarisha. Haki za wimbo ziliuzwa kwa Gallo kwa shilingi 10. Ile tuni fupi ya mwisho ndiyo iliyozunguka dunia: kundi la The Weavers liliutoa wimbo Marekani kwa jina la Wimoweh, The Tokens wakautoa tena mwaka 1961 na maneno mapya ya Kiingereza, mwaka 1994 ukaingia katika sinema ya Disney juu ya mfalme wa simba. Linda alikufa mwaka 1962, maskini. Mwaka 2004 binti zake walipeleka mashitaka, wakitegemea kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtungaji. Mwaka 2006 yalifanyika mapatano: Linda akatambuliwa kuwa mmoja wa watungaji, na warithi wakapata sehemu yao.

Nimeleta mfano huu kwa sababu unathibitisha yale ya Kamina, tena unaonyesha tofauti. Unathibitisha kwamba kitu kilicholeta mali kubwa ni kile kilichozaliwa kinywani kwa ghafula, nje ya mpango. Na tofauti ni hii: binti za Linda waliweza kusimama mbele ya mahakimu kwa sababu jina la baba yao lilikuwa limeandikwa juu ya diski. Diski ilikuwa shahidi. Mtoto wa sauti ya pili wa Kamina hana shahidi.

V. Mifano miwili ya kulinganisha

Mwaka 1964 kompani ile ile ya Philips ilinasa Misa nyingine, Misa Criolla ya Ariel Ramírez wa Argentina. Nayo imejengwa juu ya ngoma na tuni za wakulima, na imeuzwa duniani kote. Lakini hakuna anayeuliza nani mwenyewe. Ramírez alikaa, aliandika, alitia jina. Baadaye alikuwa hata rais wa chama cha watungaji wa nchi yake. Ukizisikiliza Misa hizi mbili moja baada ya nyingine, utaona kwamba Misa Criolla imejengwa imara zaidi, kwa sababu kichwa kimoja kiliipanga tangu mwanzo hadi mwisho. Na Missa Luba ina hatari zaidi na uhai zaidi, kwa sababu mwimbaji hajui bado atafika wapi. Biashara inailinda ile ya kwanza na kuiacha ya pili, ingawa wasikilizaji wanazipenda zote. Tena tuseme kweli yote: wakulima wa milimani waliompa Ramírez mwendo wa ngoma zao, nao hawakutajwa.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Mwaka 1990 Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, iliitoa Missa Luba upya, tena kwa Philips. Hapa sauti ni za watu wazima, wanawake na wanaume, na kazi yote imepata kifua kipana. Jina la Misa ni lile lile, lakini wimbo ni mwingine. Wakenya walifanya kama Waluba walivyofanya: walipokea njia, wakatembea kwa miguu yao. Mwenye kusikiliza diski zote mbili anatambua mara moja kwamba Missa Luba si noti zile zilizochapwa. Ni namna ya kuimba. Na namna ya kuimba haiandikiki yote. Inakaa kwa watu.

VI. Jibu kwa wanaosema ni sadaka

Najua neno ambalo baadhi ya ndugu zangu mapadri watalisema: wimbo wa Misa ni sadaka, mtu anayemwimbia Mungu asidai franga. Neno hilo ni zuri, nami nalikubali mahali pake. Mama anayepiga kayamba siku ya Dominika hadai kitu, na hapaswi kudai.

Lakini tupambanue. Sadaka ni tendo la mwenye mali. Anayetoa kuku wake ametoa sadaka; anayenyang'anywa kuku njiani hakutoa kitu. Mtoto wa Kamina aliimba kwa ajili ya Mungu, na sadaka hiyo imepokelewa. Kompani haikuimba kwa ajili ya Mungu, iliuza. Mauzo yakianza, tumekwisha kutoka katika sadaka na kuingia katika kazi na mshahara, na juu ya mshahara wa haki Eklezia ilisema waziwazi tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891. Hatuwezi kumfundisha mchimbaji wa shaba haki ya mshahara wake, kisha kumwambia mwimbaji kwamba haki hiyo haimhusu kwa sababu wimbo wake ni mtakatifu.

VII. Hapa kwetu

Mokambo ni kijiji cha mpaka. Magari yanapita kwenda Mufulira, franga na kwacha zinabadilishwa barabarani, na nyimbo zinapita bila kulipa ushuru. Korali za pande zote mbili zinaazimana tuni. Zamani diski ilihitaji kompani kubwa; leo kijana mwenye simu ananasa korali Jumamosi na Jumapili jioni watu wa nchi za mbali wanasikiliza. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini njia tatu za franga zimebaki zile zile, na bado zinatafuta karatasi na jina.

Hivi karibuni mwimbishaji mmoja wa upande huu alinionyesha mkataba aliopewa na studio fulani. Alitaka nimtazamie vichwa vya nyimbo kama vimeandikwa sawasawa. Vichwa vilikuwa sawa. Lakini chini yake iliandikwa kwa Kifaransa kwamba korali inaachia haki zote, kwa muda wote, katika nchi zote, na kwa kila namna ya kutumia iliyopo na itakayokuja. Kwa malipo, korali ingepewa nakala 50. Nilimtafsiria polepole. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Padri, na tukitaka kuimba wimbo wetu kwenye studio nyingine?» Nikamjibu kwamba kwa karatasi ile angeomba ruhusa. Hakutia sahihi.

Kwa hiyo nawaomba mapadri, wakatekista na ndugu waseminaristi watakaopewa korali mikononi, washike mambo haya manne.

Kwanza: kila korali iwe na daftari. Kila wimbo mpya uandikwe humo: tarehe, nani alileta tuni, nani alitia maneno, nani alizidisha sehemu ya kuitikia, na majina ya wote walioimba siku ya kunasa sauti, hata watoto. Kama tuni ni ya wazee, liandikwe jina la kijiji na la mzee aliyeifundisha.

Pili: karatasi ya studio isitiwe sahihi kabla haijasomwa kwa sauti, katika lugha ya korali, mbele ya korali yote. Ni bora kuazima sauti kwa miaka michache kuliko kuiuza kwa milele. Na neno juu ya sinema na matangazo liandikwe peke yake: wakitaka, waje kuuliza tena.

Tatu: watoto wakiwamo, wazazi waitwe. Faida ikipatikana, sehemu yao ijulikane. Ada ya shule ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nne: nyimbo ziandikishwe kwa chama cha watungaji. Nchi yetu ilikuwa na SONECA tangu mwaka 1969, na tangu 2011 kuna SOCODA. Watu wanalalamika juu ya vyama hivyo, na malalamiko mengine yana msingi. Lakini wimbo ulioandikishwa vibaya waweza kusahihishwa. Usioandikishwa hauna pa kuanzia.

Mtu akinijibu kwamba daftari ni kitu kidogo mbele ya kompani za mabilioni, sitabishana naye juu ya ukubwa. Diski ya Linda nayo ilikuwa kitu kidogo, jina moja juu ya duara la karatasi, na miaka 67 baadaye binti zake walilipwa. Daftari la shule lapatikana sokoni hapa Mokambo kwa franga chache. Jumamosi ijayo, kabla ya mazoezi, mwimbishaji aweza kuanza na ukurasa wa kwanza: awasimamishe waimbaji kwa zamu, kila mmoja ataje jina lake na la baba yake, naye aandike.